Sura ya Saba: Sauti Moja, Milango Mitatu

Rehema anasoma Kiswahili vizuri kuliko baadhi ya watangazaji ninaowasikiliza asubuhi. Hakohoi, haombi nauli, na bosi akibadilisha neno moja kwenye ukurasa wa arobaini, anausoma ukurasa mzima upya bila kununa. Ni mojawapo ya sauti za kompyuta ambazo Microsoft imeziweka kwenye huduma yake ya Azure: Rehema na Daudi kwa lafudhi ya Tanzania, Zuri na Rafiki kwa ile ya Kenya. Kama umewahi kufanya kozi ya mtandaoni kwa Kiswahili, tuseme ya usalama kazini au ya kuzuia utakatishaji fedha, na msimulizi hakuonekana kuvuta pumzi hata mara moja, huenda mmeshafahamiana.

Mambo huanza siku kozi inapokamilika. Mteja amefurahi, anapiga simu: "Ile sauti ya somo la tatu imetulia kweli. Tutumie basi, tuiweke redioni." Au aiweke kwenye kundi la WhatsApp la mawakala, au kwenye namba ya huduma kwa wateja, ile inayokuambia bonyeza moja kwa Kiswahili. Mtengeneza kozi anajibu "sawa bosi" papo hapo, kwa sababu kiufundi hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo.

Ni nyepesi kweli. Kozi nyingi za kazini husafirishwa kwa mtindo wa SCORM, uliotokana na mpango wa ADL wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo lake la 1.2, la mwaka 2001, bado linadai nafasi yake katika mifumo ya mafunzo mpaka leo. Kwa macho ya kawaida kifurushi cha SCORM ni faili la zipu tu. Chukua kozi iliyotengenezwa kwa Articulate Storyline, ifungue zipu hiyo, ingia kwenye folda iitwayo story_content, utazikuta mp3 zimejipanga, majina yake mkorogo wa herufi na tarakimu. Bofya mojawapo. Sauti inaanza katikati ya habari, "Hatua inayofuata ni kuvaa glavu," bila picha ya glavu na bila kitufe cha kuendelea. Mafaili hayana kufuli. Hakuna kinachoonyesha nani aliyelipia sauti hiyo wala inaruhusiwa kwenda wapi.

Ruhusa ipo, ila haikai ndani ya faili. Inategemea mlango ambao sauti ilipitia ikitoka.

Tumrudie Rehema. Mlango wa kwanza ni Azure yenyewe. Unafungua akaunti, unaingia mkataba na Microsoft, herufi za maandishi yako zinahesabiwa na bili inakuja. Kipo kiwango cha bure cha herufi nusu milioni kwa mwezi, lakini hata hicho kinapita kwenye mkataba. Ukiulizwa sauti umeipata wapi, una cha kuonyesha.

Mlango wa pili ni kivinjari cha Edge. Kina kitufe cha kusoma kurasa kwa sauti, kilichowekwa ili mtu aliyechoka macho asomewe gazeti. Wataalamu wa programu waligundua jinsi ya kuipata huduma hiyo bila hata kukifungua kivinjari, wakaandika maktaba ya Python inayoitwa edge-tts na kuigawa bure. Unaipa maandishi, inakupa mp3 ya Rehema, bila akaunti na bila bili. Vijana wengi wa video za mtandaoni wanaijua. Msimbo wake una leseni huria, na hapo ndipo watu wengi wanapojichanganya: leseni ile inahusu mistari ya msimbo waliyoandika wataalamu wale, na sauti si yao, hawawezi kuigawa. Anayeiuza kozi yenye Rehema wa mlango huu anauza kitu ambacho hakuna mkataba wowote uliomruhusu kukiuza.

Mlango wa tatu ni programu ya kutengenezea kozi. Programu nyingi za aina hii hazina sauti zao wenyewe. Hukodi kutoka kwa wakubwa, yaani Microsoft, Amazon, Google au ElevenLabs, kisha huziweka nyuma ya kitufe kimoja cha kuzalisha sauti. Wewe huna mkataba na mwenye sauti. Una mkataba na mwenye programu, naye ana wake na mwenye sauti, na hawezi kukupa zaidi ya alichopewa. Amazon, kwa mfano, inamruhusu mteja wa huduma yake ya Polly kuhifadhi sauti iliyozalishwa na kuirudia atakavyo bila malipo ya ziada. Lakini kama Polly umeifikia kupitia programu ya kozi, unaongozwa na masharti ya programu hiyo, na huenda yakawa membamba zaidi.

Sikio haliwezi kuyatofautisha mafaili yaliyopita kwenye milango hiyo mitatu. Mahakama inaweza.

Ubaya ni kwamba masharti yenyewe hayasomwi. Sisi tumelelewa na matangazo ya redio ambayo mwishoni mtangazaji anakimbiza "vigezo na masharti kuzingatiwa" kama anayefukuzwa na mbwa, basi tumezoea kuyachukulia kama muziki wa kufungia kipindi. Ukiyasoma kwa utulivu, mengi yanazunguka mambo yale yale: sauti itumike ndani ya kozi na isambazwe pamoja nayo, isiuzwe ikiwa peke yake kama bidhaa, isitumike kufundishia mashine nyingine, msikilizaji asidanganywe kwamba ni binadamu. Hili la mwisho si pambo. OpenAI inawataka wanaotumia sauti zake kumweleza msikilizaji waziwazi kwamba anachosikia kimezalishwa na akili mnemba. Kozi yenye sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza imetimiza sharti. Mp3 ya somo la tatu iliyochomolewa na kupelekwa redioni imeiacha sentensi nyuma.

Tarehe nayo ina uzito. Kifurushi cha bure cha ElevenLabs hakitoi ruhusa ya kibiashara, na kinataka kampuni itajwe. Vifurushi vya kulipia vinatoa ruhusa hiyo, na sauti uliyozalisha wakati unalipa unaweza kuendelea kuitumia hata ukisitisha malipo. Kwa hiyo mp3 mbili zenye sauti ile ile, moja ya Machi ulipokuwa unajaribu na nyingine ya Aprili ulipokwisha kulipa, zina hadhi mbili. Ya Machi izalishe upya. Usitegemee malipo ya Aprili kuisafisha. Mtengeneza kozi makini huweka stakabadhi ndani ya folda ya mradi, kando ya mswada, na jina la faili analiandika akitaja sauti, kifurushi na tarehe. Inachosha, lakini miaka miwili baadaye, mteja akiwa ameshabadilisha meneja mara mbili, folda hiyo ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Msomaji anaweza kuuliza: ya nini kuhangaika na kampuni hizi ilhali zipo sauti huria? Zipo. Mei 2023 Meta ilitoa mradi wa MMS, mashine zinazoweza kusoma kwa lugha zaidi ya 1,100, Kiswahili kikiwemo. Sehemu kubwa ya sauti walizofundishia ilitokana na usomaji wa Agano Jipya, ndiyo maana lugha nyingi ndogo zilizosahauliwa na makampuni zimo humo. Unaipakua, unaiweka kwenye kompyuta yako, intaneti ikikatika inaendelea kusoma. Lakini leseni yake ni CC BY-NC 4.0: utaje chanzo, na usitumie kibiashara. Kozi ya benki imekwisha hapo. Kozi ya shirika lisilo la kiserikali je? Shirika halitafuti faida, lakini mshauri aliyeitengeneza amelipwa, na leseni inaangalia matumizi yenyewe yamelenga nini, wala si usajili wa shirika. Mimi nisingeiweka MMS kwenye kazi ninayolipwa. Wapo wanaoiweka na wana hoja zao.

Sasa tuje kwenye umiliki, jambo ambalo watu huliuliza kwanza na ambalo kwa maoni yangu lina uzito mdogo kuliko wanavyodhani. Je, sauti iliyozalishwa ni mali ya nani?

Jibu linategemea umesimama nchi gani. Marekani, mahakama ya rufani ya Washington iliamua Machi 2025, katika kesi ya Thaler dhidi ya Perlmutter, kwamba hakimiliki inahitaji mtunzi binadamu. Uingereza ina njia nyingine tangu sheria yake ya mwaka 1988: kazi iliyozalishwa na kompyuta, mtunzi wake ni yule aliyefanya maandalizi ya lazima ili ipatikane. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilifuata njia hiyo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 kwa upande wake inamtazama mtunzi kuwa mtu wa nyama na damu aliyeiunda kazi. Basi kozi moja ikitengenezwa Namanga, upande mmoja wa mpaka mwenye kubofya kitufe anaweza kujiita mtunzi wa sauti, na upande wa pili ana kazi kubwa ya kumshawishi hakimu.

Makampuni yenyewe yamelikwepa swali hilo kwa ustadi. Masharti ya OpenAI yanasema yanamkabidhi mtumiaji haki zote za kampuni juu ya kilichozalishwa, kisha yanaongeza maneno machache yenye maana ya "kama zipo". Nimeyapenda maneno hayo. Mwanasheria aliyeyaandika alijua anakabidhi bahasha ambayo huenda haina kitu.

Kukosekana kwa hakimiliki hakumaanishi uhuru. Ruhusa uliyopewa na programu ya kozi ni mkataba, na mkataba unakubana wewe uliyebofya "nakubali" hata kama faili lenyewe halina mtunzi mbele ya sheria. Jirani yako ambaye hakubofya chochote habanwi nao. Anaweza kuichukua mp3 yako akaiweka kwenye video yake, na wewe ukakosa pa kushika kwa upande wa sauti. Pa kushika ni mswada. Maneno uliyoyaandika wewe mwenyewe, mifano uliyoitafuta, zile tarakimu ulizozigeuza kuwa "elfu mbili na mia tano" ili mashine isizisome kombo, hiyo ni kazi ya fasihi iliyoandikwa na mtu, na inalindwa Nairobi, Dar es Salaam na Washington. Anayetumia sauti yako anatumia mswada wako. Ndiyo maana huwaambia wenzangu walinde mswada kwanza: wautie jina, tarehe, na wautunze. Na kama mswada nao umeandikwa na mashine kutoka mwanzo hadi mwisho, basi hapo kwa kweli huna kitu mkononi.

Yupo mtu ambaye mpaka sasa hatujamtaja. Nyuma ya kila sauti ya mashine kuna koo la binadamu, au makoo mengi yaliyochanganywa.

Paul Lehrman na Linnea Sage ni mume na mke wa New York, wasomaji wa sauti kwa kazi. Miaka kadhaa iliyopita wateja wasiojulikana waliwapata kupitia tovuti ya Fiverr, wakawaomba warekodi sentensi kadhaa. Paul alilipwa dola 1,200, mkewe dola 400, na kwa maelezo yao walihakikishiwa kwamba rekodi hazitatumika nje ya kazi waliyoelezwa. Mwaka 2023 wakiwa kwenye gari walikuwa wakisikiliza kipindi kuhusu akili mnemba na kazi za wasanii, na roboti iliyokuwa ikihojiwa kwenye kipindi hicho ikajibu kwa sauti ya Paul. Wakafuatilia hadi kwenye kampuni ya Lovo, inayouza sauti za kompyuta. Humo, wanadai, Paul alikuwa akiuzwa kwa jina la Kyle Snow, na mkewe kwa jina la Sally Coleman. Walifungua kesi Mei 2024. Julai 2025 Jaji J. Paul Oetken alitupilia mbali sehemu kubwa ya madai yao ya hakimiliki na alama za biashara, lakini akaruhusu madai ya kuvunja mkataba, pamoja na yale yanayotegemea sheria za New York za kulinda jina na sura ya mtu na za kumlinda mlaji, yaendelee.

Angalia mnyororo ulivyo. Fikiria mtu aliyelipia Lovo kihalali, akamchagua Kyle Snow asimulie kozi, akatunza stakabadhi kama nilivyoshauri hapo juu. Amepita mlango wa mbele kabisa, lakini aliyemfungulia huenda naye hakuwa na ufunguo. Swali la kumuuliza muuza programu, kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi, ni hili: mtu aliyetoa sauti hii alikubali itumike hivi, na akija kudai, nani atasimama mahakamani, wewe au mimi? Makampuni makubwa huwa na kifungu cha kumlinda mteja anayelipa. Programu ndogo za bei poa mara nyingi zimekigeuza: wewe ndiye utakayewalinda wao.

Bev Standing, msomaji wa sauti wa Kanada, aliyaonja hayo kabla ya Paul na Linnea. Alirekodi sauti kwa ajili ya taasisi moja ya China akijua ni ya tafsiri, akaja kujisikia kwenye TikTok akisoma maneno ambayo asingeyatamka mbele ya mama yake. Alishtaki mwaka 2021, TikTok ikabadilisha sauti, na mwaka huohuo wakamalizana nje ya mahakama. Kila video iliyotengenezwa baada ya hapo ilikuwa na sauti nyingine. Kwa kijana wa video za kuchekesha hilo si neno. Kwa mwenye kozi ya masomo 30 yenye msimulizi mmoja ni balaa, maana somo la 31 litasomwa na mgeni. Huku kwetu pia sauti ya mtu ina ulinzi wake: Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inautaja utambuzi wa sauti katika maana ya data za kibayometria, kwa hiyo anayemrekodi mtu Nairobi ili kutengeneza nakala ya sauti yake ajue anaingia eneo la sheria hiyo, nje kabisa ya mambo ya hakimiliki.

Katika kazi za huku kwetu, mahali ambapo kamba hukatikia zaidi ni kwenye hadidu za rejea. Mfadhili au wizara inatangaza kazi ya kutengeneza kozi, na karibu kila mara kuna kifungu kinachosema kazi yote itakayotokana na mkataba huu, pamoja na haki zake zote, itakuwa mali ya mteja. Mshauri anasaini, kwa sababu asiposaini kazi inakwenda kwa mwingine. Akishasaini ameahidi kumpa mteja haki ambazo yeye mwenyewe hana. Programu ya kozi ilimpa ruhusa ya kutumia sauti ndani ya kozi. Mteja ameahidiwa umiliki wa kila faili.

Wafadhili wanaopenda uwazi huongeza fundo la pili. Benki ya Dunia ilianza kutoa machapisho yake kwa leseni ya CC BY mwaka 2012, UNESCO ikafuata na sera yake mwaka 2013, na mwaka 2019 nchi wanachama wa UNESCO zikapitisha pendekezo la kuhimiza rasilimali huria za elimu. Nia ni nzuri: mwalimu wa Kigoma aichukue kozi, aikate, aiongeze, aigawe. Ila huwezi kuweka CC BY juu ya kitu usicho na mamlaka nacho. Kama masharti ya sauti yanakataza kuichomoa nje ya kozi, na CC BY inaiambia dunia nzima ichomoe inavyotaka, umesaini karatasi mbili zinazopingana. Na kama mahakama itasema sauti haina mtunzi, leseni yako imening'inia hewani.

Njia ninayoiona inafaa ni kutenganisha. Mswada, picha ulizopiga na maswali ya jaribio vitoke kwa CC BY bila wasiwasi, na mswada uwekwe kama faili la maandishi linalosomeka, si PDF iliyopigwa picha. Sauti iandikiwe pembeni kwamba imezalishwa kwa huduma fulani, siku fulani, na haimo kwenye leseni hiyo. Mwalimu wa Kigoma akitaka sauti aisome mwenyewe, au aizalishe kupitia mlango wake, na kwa kweli darasa lake litamwelewa zaidi akiisoma yeye. Kwenye hadidu za rejea, omba kifungu cha umiliki kiongezewe maneno: "isipokuwa sauti zilizozalishwa kwa programu, ambazo mteja atazitumia kwa kadiri leseni ya programu husika inavyoruhusu." Nimeona maofisa manunuzi wakikubali bila ubishi. Wengi wanakuwa hawajawahi kuulizwa tu.

Yule anayetaka sauti ya redioni, ya WhatsApp na ya simu kwa pamoja, kwa miaka mingi na bila kuuliza mtu, bado ana njia ya zamani: msomaji, studio, mchana mmoja. Gharama inapanda, lakini mkataba ni ukurasa mmoja unaosema nani, nini, wapi na kwa muda gani. Siku hizi ukurasa huo unahitaji mistari miwili ya ziada. Mmoja unasema rekodi haitatumika kufundishia mashine wala kutengeneza nakala ya sauti yake. Mwingine unasema, endapo siku moja mteja atataka nakala hiyo, watakaa upya mezani na bei itakuwa nyingine. Msomaji wa Kinondoni au wa Kayole anayepokea laki na nusu ya Tanzania au elfu kumi na tano ya Kenya kwa kazi ya mchana mmoja hataiweka mistari hiyo mwenyewe, kwa hofu ya kuonekana msumbufu. Aiweke anayemlipa.